Karatasi Izaliwe Siku ya Malipo: Ukaguzi wa Ruzuku za Serikali ya Marekani

Hoja nyingi za ukaguzi zinazoandikwa dhidi ya mashirika yasiyo ya faida yenye ruzuku za serikali kuu ya Marekani hazihusu wizi. Fedha zilifanya kazi yake: watoto walikula, wakimbizi walipangiwa nyumba, darasa la jioni lilifundishwa. Kilichokosekana ni karatasi iliyoandikwa siku ile jambo lilipotendeka, na mtu aliyelijua, kabla hajalisahau. Karatasi hiyo haitengenezeki miezi kumi baadaye, mkaguzi akiwa tayari ameketi ofisini. Ukiitengeneza wakati huo unaongeza hoja ya pili, na hiyo huwa nzito kuliko ya kwanza.

Ndiyo maana karibu kila nitakachoeleza hapa hufanyika mwezi wa kwanza wa ruzuku au siku ya malipo yenyewe. Wiki ya ukaguzi ni ya kutoa mafaili kabatini tu.

Nani anakaguliwa

Sheria ya mwaka 1984 ndiyo iliyoanzisha Single Audit. Kabla yake kila wizara iliyotoa fedha ingeweza kuleta wakaguzi wake, na shirika moja likajikuta linafunguliwa vitabu mara tatu kwa mwaka. Sheria ikasema ukaguzi uwe mmoja kwa fedha zote za shirikisho, yaani za serikali kuu. Marekebisho ya mwaka 1996 yaliyaingiza mashirika yasiyo ya faida ndani ya sheria hiyo. Kanuni za kina zimo katika mkusanyiko wa kanuni za serikali kuu, 2 CFR, sehemu ya 200, ambayo wahasibu huiita Uniform Guidance.

Toleo la kanuni hizo lililoanza kutumika Oktoba 1, 2024 lilipandisha kiwango cha kulazimika kukaguliwa kutoka dola 750,000 hadi dola 1,000,000. Kiwango kipya kinahusu miaka ya fedha inayoanza tarehe hiyo au baadaye. Shirika linalofunga hesabu Desemba 31 linakitumia kuanzia mwaka 2025, na linalofunga Juni 30 linakitumia kwa mwaka ulioanza Julai 1, 2025.

Hapa kuna neno moja linalowapotosha wengi. Kinachohesabiwa ni fedha ulizotumia ndani ya mwaka, wala si ulizopokea au ulizoahidiwa. Ruzuku ya dola milioni mbili kwa miaka mitatu inaweza isikufikishe kwenye kiwango mwaka wowote. Na ruzuku nne ndogo, kila moja ya dola 260,000, zikitumika zote ndani ya mwaka mmoja zinafika dola 1,040,000, nawe umeingia.

Kosa la pili ni kusahau fedha zinazopita mikononi mwa mtu mwingine. Mkataba wako umesainiwa na jimbo, kaunti au shirika kubwa, barua ina nembo yao, hundi imetoka kwao, ukadhani ni fedha zao. Chanzo kikiwa serikali ya shirikisho, fedha hizo bado ni za shirikisho hata zikipitia mikono mitatu. Dalili yake ni namba ya programu yenye tarakimu tano, mbili kabla ya nukta na tatu baada yake. Mbili za kwanza zinataja wizara: 10 ni kilimo, 14 ni nyumba, 84 ni elimu, 93 ni afya na huduma za jamii. Kwa mfano, 10.558 ni mpango wa chakula kwa vituo vya kulelea watoto na watu wazima, na 93.600 ni Head Start, mpango wa malezi na elimu ya awali kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Kama mkataba wako hauna namba hii, mwandikie aliyekupa fedha umwulize, na jibu lake liingie kwenye faili la mkataba kabla hujatumia hata senti.

Shirika lililosajiliwa nje ya Marekani lifuate masharti ya ukaguzi yaliyoandikwa kwenye mkataba wake, maana sehemu ya ukaguzi ya kanuni hizi ilitungwa kwa mashirika ya ndani. Lakini kanuni za gharama, mishahara na manunuzi mara nyingi huja ndani ya mkataba huo huo, kwa hiyo mengi ya hapa chini yanawahusu na wao.

Jedwali ni kazi yako

Mkaguzi hatakuandalia jedwali la matumizi ya fedha za shirikisho. Ni la shirika, na mkaguzi hutoa maoni juu yake. Kila mstari unabeba wizara, jina la programu, namba ya programu, jina la aliyepitisha fedha na namba aliyoupa mkataba, kiasi kilichotumika, na kiasi ulichokabidhi wengine. Chini yake kuna maelezo ya sera za uhasibu, pamoja na kauli iwapo ulitumia ile asilimia ya kawaida ya gharama za uendeshaji, ambayo tutaifikia.

Jedwali likikosewa, kila kinachofuata kinakosewa, kwa sababu mkaguzi huchagua programu za kupima kutokana na jedwali hilo. Programu ikisahaulika, uchaguzi wote huharibika na kazi huanza upya kwa gharama yako. Dawa yake iko kwenye leja: mkataba ukisainiwa tu, ufunguliwe msimbo wake wa pekee. Usichanganye miaka miwili ya ruzuku moja kwenye msimbo mmoja, na usichanganye fedha za jimbo na za shirikisho eti kwa kuwa zinalipia darasa lile lile. Kila mwezi, jumla ya msimbo huo ilingane na ripoti ya fedha uliyopeleka kwa mfadhili. Tofauti ya dola 312 ya mwezi Februari huonekana kwa nusu saa mwezi Machi. Ukiiacha hadi mwisho wa mwaka, itakula siku mbili, na huenda isipatikane.

Mishahara

Hapa ndipo fedha nyingi zilipo, na hapa ndipo mashirika mengi mazuri yanapoanguka.

Chukua mtumishi mmoja anayelipwa dola 4,000 kwa mwezi. Bajeti imemgawa kwenye ruzuku tatu: asilimia 50, 30 na 20. Karani anaingiza dola 2,000, dola 1,200 na dola 800, kila mwezi, mwaka mzima, bila kubadilika. Mkaguzi akiona namba zisizotikisika namna hiyo anajua papo hapo kwamba mshahara umefuata bajeti na kazi haikuulizwa. Kanuni inasema makisio ya bajeti peke yake si ushahidi wa malipo ya mshahara. Unaruhusiwa kuyatumia kwa muda, mradi baadaye uyalinganishe na kazi halisi na kurekebisha tofauti, ili kiasi cha mwisho kilichotozwa kiwe sahihi.

Sasa tuseme karatasi ya saa ya mwezi Machi inaonyesha mtumishi yule alitumia asilimia 38 kwenye ruzuku ya kwanza, 42 kwenye ya pili na 20 kwenye ya tatu. Mgawo sahihi ni dola 1,520, dola 1,680 na dola 800. Ruzuku ya kwanza imetozwa dola 480 zaidi, na ya pili imepungukiwa kiasi hicho hicho. Inahitajika hati moja ya marekebisho yenye tarehe, sababu na saini, na mafao yafuate njia ile ile: bima, kodi ya mwajiri na pensheni haviwezi kubaki kwenye mgawo wa zamani wakati mshahara umehama. Hilo la mafao husahauliwa mno.

Karatasi yenyewe ionyeshe kazi zote za mtu huyo, pamoja na saa ambazo si za ruzuku yoyote, na jumla isizidi asilimia mia. Mtu anayeandika harambee ya shirika siku ya Ijumaa lazima Ijumaa hiyo ionekane, maana kuchangisha fedha hakulipiwi na ruzuku. Kanuni haidai fomu maalumu wala haidai saa za robo robo. Inadai mfumo wenye udhibiti wa ndani unaokupa hakika ya kutosha kwamba kilichotozwa ni cha kweli. Kwa maoni yangu, shirika dogo linahudumiwa vizuri zaidi na karatasi ya wiki mbili yenye mistari michache, iliyosainiwa na mtumishi na msimamizi anayemwona akifanya kazi, kuliko programu ghali ambayo kila mtu huijaza kwa mkupuo mwisho wa mwezi.

Mambo mawili humfanya mkaguzi anyooshe shingo: karatasi za miezi sita zilizosainiwa tarehe moja kwa wino mmoja, na saini ya msimamizi iliyotangulia siku ya mwisho ya kipindi. Huwezi kuthibitisha saa za tarehe 31 ukasaini tarehe 27.

Ankara moja, ruzuku tatu

Ankara ya kodi ya ofisi, umeme au uchapishaji ikigawanywa, mkaguzi atauliza ulitumia kigezo gani. "Tuligawa sawa" si kigezo. Mita za mraba zinazotumiwa na kila programu ni kigezo kwa kodi. Idadi ya watumishi inafaa kwa simu, na idadi ya nakala inafaa kwa mashine ya kuchapa. Kiandikwe kwenye sera, kikokotolewe upya watu wanapohama vyumba, na karatasi ya hesabu ibandikwe nyuma ya vocha. Kigezo cha "ruzuku ipi bado ina fedha" ndicho kibaya kuliko vyote, na huonekana wazi: mwezi wa mwisho wa ruzuku, gharama zake hupanda ghafla.

Vocha iliyokamilika ina ankara halisi, uthibitisho kwamba bidhaa ilipokelewa au huduma ilitolewa, msimbo wa ruzuku, maelezo ya gharama hii inaisaidiaje programu hii, idhini ya mtu asiyekuwa mwombaji, na ushahidi wa malipo kutoka benki. Maelezo ndiyo huachwa. "Vifaa, dola 640" haimwambii mtu chochote. "Madaftari 160 ya wanafunzi wa darasa la jioni, muhula wa pili" yanafunga swali kabla halijaulizwa. Masurufu ya safari yarejeshwe ndani ya siku zilizoandikwa kwenye sera, na wa kuyaidhinisha asiwe aliyesafiri, hata kama ndiye mkurugenzi. Za mkurugenzi ziende kwa mweka hazina wa bodi.

Vileo, burudani, faini, michango kwa wengine, madeni yasiyolipika na kushawishi wabunge: hizo zisikaribie msimbo wa ruzuku. Punguzo la bei au fedha alizorudisha muuzaji zirudi kwenye ruzuku iliyolipa, zisiishie kwenye mapato mengineyo.

Asilimia 15 ya nini

Shirika lisilo na kiwango chake cha gharama za uendeshaji kilichokubaliwa na serikali linaweza kutoza hadi asilimia 15, ambayo zamani ilikuwa 10, kwa ruzuku zilizo chini ya toleo jipya. Makosa huja kwenye kinachozidishwa. Hiyo asilimia haipigwi kwa gharama zote za moja kwa moja. Inapigwa kwa msingi uliotolewa vitu kadhaa, vikiwemo vifaa vya kudumu, kodi ya pango, na sehemu inayozidi dola 50,000 ya kila ruzuku ndogo, yaani fungu la ruzuku yako unalolikabidhi shirika jingine.

Hesabu yake ni hii. Gharama za moja kwa moja ni dola 400,000. Ndani yake kuna gari la dola 30,000 na ruzuku ndogo moja ya dola 120,000 kwa shirika jingine. Kodi ya pango hailipwi moja kwa moja na ruzuku hii. Toa dola 30,000 zote. Toa dola 70,000 zilizozidi kwenye ruzuku ndogo. Msingi unabaki dola 300,000, na asilimia 15 yake ni dola 45,000. Aliyezidisha dola 400,000 alijitoza dola 60,000, yaani amechukua dola 15,000 ambazo atazirudisha kutoka mfukoni mwa shirika, na mfuko huo kwa kawaida ndio usio na kitu.

Ukishaweka gharama fulani kwenye fungu la uendeshaji, usiitoze tena moja kwa moja. Mhasibu mkuu hawezi kuwa ndani ya ile asilimia 15 na pia awe na mstari wake kwenye bajeti ya ruzuku kwa kazi ile ile. Huko ni kulipwa mara mbili.

Manunuzi, na wale unaowapa fedha

Sera ya manunuzi iwe ya maandishi, na iwe ile mnayoifuata kweli. Sera iliyonakiliwa kutoka shirika kubwa, inayodai kotesheni tatu kwa kila kitu, itakuumbua ulipochukua moja tu, hata kama kanuni za serikali zingekuruhusu. Mkaguzi hupima kwa sheria na pia kwa sera yako. Ukimchukua mzabuni mmoja bila ushindani, andika sababu siku hiyo hiyo. "Tumemzoea" si sababu. Usigawe ununuzi mmoja vipande vipande ili ushuke chini ya kiwango kinachodai ushindani. Tarehe zinazofuatana kwa muuzaji yule yule humwonyesha mkaguzi kilichofanyika.

Kabla ya kusaini mkataba wa dola 25,000 au zaidi, na kabla ya kutoa ruzuku ndogo ya kiasi chochote, hakikisha mhusika hajafungiwa na serikali kupokea fedha zake. Tafuta jina lake kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali yenye orodha ya waliofungiwa, chapisha ukurasa wenye tarehe, weka kwenye faili. Ni kazi ya dakika tano. Ukiifanya baada ya kusaini, ukurasa wenyewe utakushtaki kwa tarehe yake.

Ukikabidhi sehemu ya ruzuku kwa shirika jingine litekeleze programu, hilo ni mpokeaji wa pili, na wajibu wako kwake ni mzito kuliko kwa muuzaji wa kawaida. Mpokeaji wa pili huamua nani anastahili huduma na hupimwa kwa malengo ya programu. Muuzaji huuza bidhaa ile ile kwa yeyote. Ukishamtambua, mkataba wake ubebe namba ya programu, jina la wizara, namba ya ruzuku, kipindi na kiasi. Kisha pima hatari yake kwa maandishi: ni mgeni wa fedha hizi? Amebadilisha mhasibu? Ripoti yake ya mwisho ya ukaguzi inasemaje? Ufuatiliaji ulingane na jibu. Mwenye hatari kubwa aombwe vocha zenyewe, wala si muhtasari. Mashirika mengi hufuatilia kwa dhati, kwa simu na kwa kutembelea, bila kuacha mstari hata mmoja. Ziara isiyo na taarifa ya nusu ukurasa, kwa mkaguzi, haikufanyika.

Kosa dogo linavyokua

Mkaguzi hapimi programu zote. Shirika lililotumia kati ya dola milioni 1 na milioni 34, programu yake yoyote inayofika dola 1,000,000 huhesabiwa kubwa na huangaliwa kwanza. Programu anazopima zifikishe asilimia 40 ya fedha zote za shirikisho, au asilimia 20 tu kama shirika ni la hatari ndogo. Hadhi hiyo hupatikana kwa miaka miwili mfululizo ya ukaguzi uliowasilishwa kwa wakati, wenye hati safi na usio na udhaifu mkubwa wa udhibiti wa ndani. Kuchelewa kuwasilisha mara moja tu kunakupokonya hadhi hiyo, na kiwango cha chini cha upimaji kinapanda maradufu, na ada huenda ikapanda nacho.

Ndani ya programu, anachukua sampuli. Tuseme vocha 60 zenye jumla ya dola 30,000, kutoka kwenye matumizi ya dola 600,000. Anakuta dola 1,500 hazina ushahidi. Kiasi kidogo, utasema. Lakini ni asilimia 5 ya sampuli, na asilimia 5 ya dola 600,000 ni dola 30,000. Makadirio ya gharama zenye mashaka yakizidi dola 25,000 kwa aina moja ya sharti, lazima aandike hoja, apende asipende. Vocha tatu zilizokosa ankara zimekuwa hoja ya kitaifa, inayosomeka na mtu yeyote mwenye intaneti.

Ikishaandikwa, iangalie sehemu ya chanzo kabla ya kujibu. Majibu ya menejimenti yanayosema "tutaongeza umakini" hayarekebishi kitu. Mpango wa kurekebisha hutaja nani kwa cheo chake, atafanya nini, kufikia tarehe ipi. Kama ankara zilikosekana kwa sababu kadi za benki zilikuwa mikononi mwa watu wanne, punguza kadi, na funga kadi ya mtu ambaye ankara zake hazijafika ndani ya siku kumi. Mwaka unaofuata utaandika jedwali la hoja za nyuma ukieleza kila moja imefikia wapi, na hoja iliyojirudia husomwa kwa jicho kali zaidi.

Ripoti yote, pamoja na fomu ya muhtasari wa ukaguzi iitwayo SF-SAC, hupelekwa kwenye Federal Audit Clearinghouse, hifadhi ya serikali ya ripoti hizi, ambayo tangu Oktoba 2023 iko FAC.gov. Muda ni siku 30 baada ya kupokea ripoti ya mkaguzi, au miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kwisha, lile litakalotangulia. Aliyefunga Desemba 31 asidhani ana hadi Septemba 30 kama ripoti imemfikia Mei 10. Mlango wake unafungwa Juni 9. Mkaguzi mzuri naye hujaa mapema, kwa hiyo mkataba wake usainiwe kabla mwaka haujaisha.

Kumbukumbu zitunzwe miaka mitatu tangu ulipowasilisha ripoti ya mwisho ya fedha, na kama kuna hoja au shauri lililofunguka ndani ya muda huo, hadi limalizike. Risiti za mashine, zile za karatasi laini inayochapishwa kwa joto, hufifia muda mrefu kabla ya miaka mitatu, hasa zikikaa kwenye mfuko wa plastiki au karibu na dirisha. Zipigwe picha au zinakiliwe siku zinapoingia ofisini, na nakala ipewe namba ya vocha yake.